Jiwe la Mama Vuai

Katika nchi hiyo maiti hazikwi mpaka jiwe lake liwe tayari, na jua halitui mpaka maiti azikwe. Nimetembea nchi nyingi, nyingine nimesahau hata nilivyoziingia, lakini sijaona nyingine iliyolifunga jua kamba namna hiyo. Tulifika saa tisa alasiri, mimi na mwanangu Vuai, mama yake tumembeba kwenye kitanda cha kamba, ameshaoshwa, ameshavikwa sanda. Tukamweka langoni mwa makaburi, ndani ya kibanda cha makuti. Mlinda lango, mzee mmoja mnene asiye na haraka, akasema, "Hapa atakaa, haharibiki. Nendeni mkamtafutie jiwe." Nikatazama jua. Saa tisa. Hata sasa ninapoandika ni saa tisa.

"Na akikosa jiwe?" Vuai akauliza.

"Akikosa jiwe, au jiwe likija tupu, bila jina, jua litasubiri mpaka lichoke. Likichoka, anakwenda kule." Akanyoosha mkono upande wa bondeni. Bonde lilikuwa limejaa tope la kijivu, laini kama uji wa mgonjwa, tope linalotiririka kutoka kwenye misumeno ya kukatia mawe. Halikuwa na alama wala mpaka. "Kule wapo wengi," akasema. "Ila hatujui ni akina nani, na huko ndiko kuwa kule."

Maneno hayo sikuyaelewa. Shule mimi nimeisoma kwa vipande, darasa la kwanza hapa, la tatu kule, la pili sikuliona kabisa, na mtu akizungumza kwa kuzunguka huwa namwacha azunguke peke yake. Nilichoelewa ni kimoja: mke wangu aingie ardhini kama mtu, asimwagwe kama tope. Nikamwambia Vuai twende.

Desturi ya kule ni kwamba mfiwa halinunui jiwe lililokwisha kutengenezwa. Hulifuata tangu mlimani, mkono kwa mkono, na kila fundi anayeligusa humwuliza swali moja juu ya marehemu. Asipojibiwa, kazi inasimama. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi, nawaambieni ukweli. Nilijiona mtu niliyeitwa kwenye mtihani wa somo ninalolijua. Miaka arobaini na mwanamke mmoja, waniulize nini nishindwe?

Mlimani alikuwepo Ngwali, mtu mrefu mwenye kope nyeupe kwa vumbi. Jiwe la kule ni itale, ambalo watu wa mjini huliita graniti, gumu kiasi kwamba tindo ikiligusa vibaya hurudi kumpiga mwenyewe. Ngwali alilipapasa kama mtu anayetafuta ng'ombe anaumwa wapi. "Jiwe lina upande ambao linataka kupasukia," akasema. "Ukilipasua upande lisioutaka litakudharau. Marehemu urefu wake?"

"Ananifikia hapa," nikasema, nikaweka kiganja chini ya sikio. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Akatoboa matundu mstari mmoja, yamepangika kama vifungo vya kanzu. Ndani ya kila tundu akatia vipande viwili vya chuma vilivyokaa kama viganja vya kuomba dua, na katikati yake kabari. Kisha akachukua nyundo. Mimi nilisogea nyuma nikitarajia kishindo. Hapakuwa na kishindo. Aligonga kabari ya kwanza mara moja tu, akaenda ya pili mara moja, ya tatu, mpaka mwisho wa mstari, akarudi mwanzo. Mwanzoni zililia kama kengele ya baiskeli. Kila alivyorudi, sauti iliteremka, ikawa nzito, ikawa kama mtu anayeongea amefunika mdomo. Ndipo Ngwali akaweka nyundo chini, akakaa, akaanza kula muhogo.

"Mbona umeacha?" Vuai akamwuliza.

"Sasa ni kazi yake. Linafikiri."

Tukakaa. Hakuna aliyeligusa. Na jiwe lile, lenye umri mkubwa kuliko mvua, likapasuka lenyewe toka juu mpaka chini kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyekumbuka jambo. Maisha yangu yote nimedhani nguvu ni ya nyundo. Nimepita nchi za wakubwa wanaopiga kwa nguvu na watu wanaopiga kelele, nikadhani pale ndipo penye kuvunjika. Kumbe kinachovunja ni kugongwa kidogo, mstarini, kila siku, mahali palepale, kisha kuachwa. Lipasukapo, mgongaji yuko pembeni anakula muhogo, anaweza kuapa kwamba hakuligusa.

Kwenye msumeno hatukukaa sana. Msumeno wa mawe hauna meno. Ni duara la chuma linalozunguka likimwagiwa maji, linakula jiwe kama mtu asiye na njaa. Fundi wake, kwa sababu ya makelele, aliuliza kwa mikono: mnene au mwembamba? Vuai akajibu kwa mikono, akachora tumbo, akachora na makalio, fundi akacheka, nami nikacheka. Maji yaliyotoka chini ya msumeno yalikuwa ya kijivu. Niliyafuata kwa macho yakiteremka mferejini kuelekea bondeni, nikaacha kucheka.

Halafu pa kung'arisha. Hapa ndipo niliposhindwa kuhesabu muda. Walikuwa wanaume sita, wamefunga magunia kiunoni, wanasugua uso wa jiwe kwa mawe ya msasa na maji: kwanza msasa wa kukwaruza kama changarawe, kisha mwembamba wake, kisha mwembamba wa huo, mpaka wa mwisho ambao ukiushika vidoleni ni kama unga wa wanja. Mkubwa wao aliuliza, "Alikuwa mtu wa kung'aa au mtu wa kutulia?" Nikamwambia, wa kung'aa, akitoka kuoga anajipaka mafuta mpaka kwenye ndewe za masikio. "Basi tutafika mwisho," akasema, na wenzake wakaguna kwa sababu mwisho ni mbali.

Nikamwuliza mng'aro unatoka wapi, maana jiwe lilikuja likiwa jeusi la kufifia na hakuna aliyelipaka kitu.

"Hautoki popote," akasema. "Kila msasa unafuta mikwaruzo ya uliotangulia kwa kuweka mikwaruzo yake midogo zaidi. Ikiwa midogo kupita jicho, unasema linang'aa."

Nilikaa na neno hilo. Nilimtazama Vuai nikaona kidevuni ana mvi ambazo hakuwa nazo tulipokuwa mlimani. Mimi upande wangu nilipitisha ulimi nikakuta magego mawili yaliyong'oka zamani yamerudi. Wale sita walibadilishana, wengine walizeeka, wengine walikuja na sura za waliozeeka. Jua halikusogea. Kwa hiyo kitu kinachong'aa ni kitu kilichokwaruzwa mpaka hakionyeshi. Je, na nyumba inayosifiwa kwa amani? Watu walikuwa wakisema, nyumba ya Pandu, husikii sauti. Pandu ndiye mimi. Nilikuwa nikirudi safarini baada ya miezi saba, minane, nakuta sakafu imefagiwa, maji yamewekwa, nasema moyoni, nyumba yangu inang'aa.

Uso wa jiwe ukafika mwisho wake. Tukajiona ndani yake, mimi na Vuai, tumesimama kama watu walio upande wa pili wa maji.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa Bi Kazija. Mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, kisu chembamba nyuma ya sikio mahali fundi seremala huweka penseli. Karakana yake ilikuwa na bomba nene la upepo linalotema mchanga. Alibandika mpira mwembamba kama karatasi juu ya uso wote wa jiwe, akaulaza kwa kiganja usibaki na povu la hewa, akatueleza kazi yake kwa sababu Vuai alimwuliza: anaandika jina juu ya mpira, anazikata herufi kwa kisu, anazibandua, kisha anafungua mchanga. Palipofunikwa na mpira mchanga unaruka. Palipo wazi unakula.

"Haya," akasema, penseli mkononi. "Jina lake?"

"Mama Vuai."

Akaandika M, akasita. "Vuai ni nani?"

"Ni mimi," Vuai akasema.

"U hai?"

"Kama unavyoniona, dada yangu."

"Basi siwezi kukuandika hapa. Nikikuandika, mlinda lango atataka watu wawili." Akaifuta M kwa kidole chenye mate. "Nataka jina lake mwenyewe, mzee."

Nikageuka nyuma, kama kwamba aliyeulizwa ni mtu mwingine aliyesimama mlangoni.

Kuna kushtuka kwa kelele, mtu akaruka. Huku kulikuwa kwingine. Ilikuwa kama kukanyaga kidato cha ngazi ambacho hakipo, na mguu ukaendelea kuteremka, ukateremka, haugusi kitu.

"Baba," Vuai akasema kwa sauti ya chini, "mwambie."

"Wewe ndiye mwanawe."

"Mimi nilimwita mama. Mtoto humwita mama yake kwa jina? Wewe ndiye mumewe. Ulimwita nani?"

"Mama Vuai."

"Kabla sijazaliwa?"

Kabla hajazaliwa. Mwaka mmoja na miezi. Nilimwita "wee." Nilimwita "sikiliza." Mbele za watu nilisema "watu wa nyumbani," kama vile walikuwa kumi. Akiwa jikoni nilikohoa, akaja.

"Cheti hamna?" Bi Kazija akauliza. "Kadi yoyote?"

Vuai alikuwa na kadi ya zahanati ndani ya mfuko wa shati. Akaikunjua, akaisoma, akaikunja tena. Nikamnyang'anya. Palipoandikwa jina, karani alikuwa ameandika: Mke wa Pandu.

Ndugu zake wamekwisha. Kwao nilimtoa mimi, nikampeleka mbali, na njia ya kurudi huko ni mojawapo ya zile nilizosahau. Lakini harusi ninayo. Nimeishika kichwani nzima: baraza, mkeka mpya unaonuka ukindu, kofia inayonibana, mkono wa baba yake, Makame, umeshika wangu, mkavu, una harufu ya karafuu. Nikaambiwa nirudie. Nikarudia kwa sauti, watu wote wakasikia: nimekubali kumwoa, kisha jina lake, binti Makame. Nilitamka. Kinywa hikihiki. Basi nikaenda kulichukua pale nilipoliacha, nikakuta sentensi yote ipo, mwanzo upo, mwisho upo, na katikati pana tundu, kingo zake safi, kama pamepulizwa mchanga.

"Usihangaike, mzee," Bi Kazija akasema. "Si wewe wa kwanza. Njooni dirishani."

Dirisha lilitazama makaburi. Safu za mawe mazuri, meusi, yanameremeta saa tisa ile isiyokwisha. "Soma safu ya kwanza," akamwambia Vuai.

"Maryamu," Vuai akasoma. "Maryamu. Maryamu. Fatuma. Maryamu."

"Wote walipata majina hapohapo mliposimama. Mwanamume akibanwa hutaja jina la kwanza linalomjia. Kuna aliyetaja la shangazi yake. Kuna mmoja alitaja jina zuri sana, nikamsifu, baadaye mwanawe akaniambia lile ni la mbuzi wao."

Vuai alicheka, kisha akaanza kulia bila kubadilisha uso. "Baba, taja lolote. Taja Maryamu. Mama yuko kule kibandani peke yake."

"Mimi sina ubishi," Bi Kazija akasema. "Mchanga hauulizi."

Nikasema, tusidanganye, tuandike tunachokijua. Aandike: Binti Makame, Mke wa Pandu, Mama wa Vuai. Hakuna uongo hapo.

Akahesabu kwa ncha ya kisu. "Makame, mwanamume. Pandu, mwanamume. Vuai, mwanamume. Makame ana kaburi lake, nyinyi wawili mmesimama hapa mnanizibia mwanga. Sasa nionyeshe, kwenye maneno hayo yeye amekaa wapi?"

Nikayahesabu tena kwa vidole vyangu.

"Na yeye," akaniuliza, sasa kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, "alikuwa akikuitaje?"

Mbele za watu, Baba Vuai. Lakini tukiwa wawili, akiniwekea maji, akinifungulia mlango baada ya miezi saba: Pandu. Kila siku niliyokuwepo. Huenda na nisipokuwepo. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, kaka zangu walitawanyika, njiani watu waliniita mzee, msafiri, wewe. Hapakuwa na kinywa kingine duniani kilichokuwa kikilitunza jina hilo. Alilitunza miaka arobaini, hakuliacha lianguke hata siku moja, na la kwake nililipokea mara moja, nikalitia mfukoni, nikaondoka na mfuko uliotoboka.

Mtu yuko wapi, nawauliza? Mwilini? Mwili wake uko kibandani, ninaujua mpaka kovu la gotini. Kwenye jina? Basi alikufa siku ya harusi, nami niliishi na nani? Au mtu yuko kwenye kinywa cha anayemwita? Kama ni hivyo basi mimi nilikuwepo kila alfajiri, niliumbwa upya kila alfajiri kwa sauti yake, na yeye... nilikohoa. Huko ndiko kuwa kule, yule mzee alisema. Nikalifahamu neno lake lote. Kwenda bondeni hakuanzii bondeni. Nilikuwa nimempeleka kule zamani, kidogo kidogo, kabari baada ya kabari, nami niko pembeni nakula.

"Toa mpira," nikamwambia Bi Kazija.

"Nitoe herufi gani?"

"Wote. Bandua wote."

Akavua miwani. "Mzee, mchanga utakula uso mzima."

"Mpira unafunika pasipotakiwa kuliwa. Basi niambie nifunike wapi. Nisilolijua si herufi chache. Ni jiwe zima."

Habari ikafika kwa wale sita wa kung'arisha. Wakaja wakajaa mlangoni na magunia yao, na mkubwa wao akasema, kwa adabu ya mtu anayetaka kupiga, "Baba, tumezeekea kwenye uso huo." Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kwamba hata mimi nilidhani kung'aa ni heshima. Hakuridhika, na sioni kwa nini aridhike.

Bi Kazija akaubandua mpira kwa kipande kimoja, kama ngozi. Kwa mara ya mwisho tukajiona ndani ya jiwe, baba na mwana. Kisha akafungua upepo. Mchanga uliingia paji la uso wangu kwanza. Nilisimama nikajitazama naliwa: paji, macho, kinywa, kisha Vuai, kuanzia bega, mpaka pale ilipokuwa sura pakawa na kijivu kinachokwaruza, vishimo kwa maelfu, kama jiwe lilivyokuwa kabla hajatokea mtu wa kulitamani.

Tukalibeba mpaka langoni. Mlinda lango akainuka, akaja kwa kupapasa ukuta, ndipo nikaona kwamba macho yake ni meupe na kwamba hakutuona hata mara ile ya kwanza. Akaweka kiganja juu ya jiwe. Nilingoja aseme ni tupu. Akakipitisha kona hadi kona, chini, akarudi juu, na uso wake ukabadilika.

"Sijapata kushika jina refu namna hii," akasema. "Halina hata nafasi ya kupumulia. Huyu alikuwa nani?"

Vuai akanitazama mimi.

"Haya, nisomeeni. Mimi herufi siziamini, naamini sauti. Mkono wangu utakwenda na sauti yenu. Ukifika mwisho wa jiwe, nafungua lango."

Nikaanza. Nilisema alikuwa akianza kucheka kabla kisa hakijaisha, akatuharibia kisa. Nilisema hakuwa akila kichwa cha samaki, akidai kinamtazama. Nilisema radi ikipiga alikuwa akigeuza vioo vyote, kisha anakaa sebuleni kama mtu asiyeogopa. Vuai akasema mama alimpiga mara moja tu, kwa mwiko, na aliyelala na homa siku ile alikuwa mama mwenyewe. Akasema alijua kupiga mluzi, wanawake wenzake wakimkataza, na aliacha mwaka fulani, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Nikasema hilo la mluzi silijui. Vuai akasema, "Hukuwepo."

Nikasema jingine. Akasema jingine. Kisha kila mmoja akamtazama mwenziwe aendelee.

"Mkono wako uko wapi?" nikamwuliza mlinda lango.

"Hapa," akasema. Ulikuwa umevuka upana wa vidole vinne. "Endeleeni, nasikia."

"Tumemaliza," Vuai akasema.

"Jiwe halijamaliza."

Juu, jua lilikuwa saa tisa, na mara ya kwanza niliona linatetemeka pembezoni, kama mtu aliyebeba mzigo kichwani na shingo imeanza kumchoka. Nikatafuta jingine. Nyumbani kwetu mtu akisahau kitu, funguo, tarehe, jina la jirani wa zamani, kulikuwa na mmoja tu wa kuulizwa, na hakupata kushindwa. Kwa mazoea ya miaka arobaini, bila kukusudia, nikageukia kitanda cha kamba ili nimwulize yeye, nikafungua kinywa nimwite, nikakuta sina cha kumwitia.